Milango ya Sidi

Siku aliyoacha kazi, Sidi alikuwa ameshika shoka, na kila aliyekuwa nyuma ya jiko la hoteli asubuhi ile alirudi nyuma.

Hakuwa mwanamke wa kushika shoka. Kwa karibu miaka thelathini watu wa hoteli ile ya Diani walimjua kwa sare iliyonyooshwa vizuri, kibandiko cha jina kifuani na funguo kiunoni. Alikuwa msimamizi wa vyumba. Alijua shuka ipi ina doa lisilotoka na mgeni yupi anaficha makombe ya pwani chini ya kitanda. Sauti yake haikupanda. Wasichana wapya walipotoka vyumbani wakilia kwa sababu ya wageni wakorofi, yeye ndiye aliyewafuta machozi na kuwaambia warudi wakatandike.

Asubuhi ile alipita nyuma ya jiko kumtafuta fundi bomba. Akamkuta kibarua amesimama juu ya ubao wa mlango, mguu mmoja umekanyaga nakshi, anapasua kuni. Ubao wa pili ulikuwa umekwisha kuwa vipande, umepangwa kando ya tanuri ya piza. Ilikuwa ile milango mikubwa ya ukumbi wa mapokezi. Hoteli ilikuwa inakarabatiwa, kila ukuta unapakwa rangi nyeupe, na milango ya mbao ilikuwa imeng'olewa ili iwekwe ya vioo.

Juu ya rundo la kuni kulikuwa na kipande chenye nusu ya ua, ukingo wake umechanwa na shoka. Sidi alilijua ua lile. Alilichonga yeye mwenyewe, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, amepiga magoti juu ya ubao huo huo katika karakana ya baba yake kule Matuga, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Acha," alisema.

Kibarua alidhani anataniwa. Akainua shoka tena.

Namna alivyomnyang'anya, Sidi hakuweza kuieleza baadaye. Alichokumbuka ni mpini uliolowa jasho la mtu mwingine, na sauti yake mwenyewe ikitoa matusi ya Kigiriama ambayo hakuwa ameyatamka tangu utoto. Wapishi walitoka. Watu wa bustani walikuja. Mwisho akaja Gillian, meneja mpya aliyeletwa kutoka Nairobi, simu bado iko sikioni.

"Sidi! Weka hiyo kitu chini. Ni mbao tu. Imezeeka, imejaa mchwa."

"Huu ni mkongo. Mchwa hawali mkongo."

"Haya, sawa, si mchwa. Lakini umetisha mfanyakazi wa kontrakta mbele ya watu. Utamwomba msamaha hapa hapa, halafu tuende ofisini."

Sidi alimtazama yule kibarua. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amejibana ukutani. Hasira yake haikuwa na haja na mtu yule. Akamrudishia shoka kwa mpini.

"Uniwie radhi, ndugu yangu. Wewe umetumwa."

Kisha akamgeukia Gillian. Akafungua pini ya kibandiko cha jina, akakiweka juu ya rundo la kuni, akaweka na funguo juu yake.

"Huyu nimemwomba. Wewe sikuombi kitu. Na hicho kibandiko kitie motoni pamoja na milango yangu."

"Milango yako?" Gillian aliuliza, na hakuwa anakejeli. Hakuelewa kweli.

Sidi alipita getini akiwa bado na sare ya hoteli mwilini.

*

Hakuna aliyejua, kwa sababu aliyepaswa kusema hakuwahi kusema.

Baba yake, Mzee Ziro, alikuwa fundi wa milango aliyesifiwa kutoka Kwale mpaka Lungalunga. Alikuwa na watoto wawili. Kavumbi, mvulana, alikuwa akipewa patasi anaitumia kuchimbia chambo. Sidi ndiye aliyekaa karakanani. Alianza kwa kushikilia ubao, akaja kunoa vyombo, mwisho akaachiwa nakshi. Hoteli ilipoagiza milango ya ukumbi, Mzee Ziro alichonga ubao mmoja na Sidi akachonga wa pili, na kwa wiki nyingi baba na binti walifanya kazi bila kusemezana, nyundo zao zikipokezana.

Milango ilipokwisha, mwenye hoteli wa wakati ule alikuja kuitazama. Akauliza kazi hii nzuri umesaidiwa na nani, mzee? Mzee Ziro akamwita Kavumbi kutoka nje, akamwekea mkono begani. "Na mwanangu huyu," akasema. Sidi alikuwa palepale, anafagia maranda.

Haikupita wiki, baba yake akamtoa patasi mkononi. Hakungoja apewe, aliitoa, akimfungua kidole kimoja kimoja. Akamwambia mikono yake imeota sugu, wachumba watamkimbia, na kwamba amekwisha kuzungumza na mwenye hoteli. Iko kazi ya kutandika vitanda. Sidi akaenda. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, na mtoto wa nyumba ile hakuwa akimbishia baba.

Hivyo ndivyo alivyokuja kufanya kazi mbele ya milango yake mwenyewe. Kila asubuhi aliipitia kwa kitambaa na mafuta, akiingiza kidole ndani ya kila petali kutoa vumbi. Na kila alasiri mtu wa kutembeza wageni alisimama hapo na kueleza kwamba kazi hii ni ya mzee mmoja wa Matuga na mwanawe wa kiume. Wageni walipiga picha. Sidi alisogea pembeni ili asitokee.

*

Mumewe, Tobias, alikuwa dereva wa magari ya watalii, mtu wa Siaya aliyekaa pwani mpaka ngozi yake ikazoea joto lakini ulimi wake ukakataa. Aliporudi nyumbani kwao Ukunda alimkuta mkewe ameketi kizingitini, sare imefuliwa, imeanikwa, inatiririka maji.

"Mama Atieno, nimesikia story huko stendi. Si ya ukweli, ama?"

"Ni kweli."

"Umeacha job juu ya mlango?"

"Nimeacha kazi kwa sababu ya mlango, ndiyo."

Tobias alikaa chini. Alivua viatu polepole, mtu anayetafuta maneno yasiyoleta vita. "Na Atieno yuko college. Ungemeza tu hiyo hasira. Watu humeza."

"Nimemeza tangu nikiwa msichana, Tobias. Hapa." Alijigonga kifuani. "Imejaa. Hakuna mahali pengine pa kuweka."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitachonga."

Tobias alimtazama mikono. Ilikuwa mikono laini ya mwanamke wa miaka arobaini na mitano, yenye harufu ya sabuni. Hakucheka, na jambo hilo Sidi alimshukuru moyoni miaka mingi baadaye. Lakini siku ile alichoona ni kwamba hakumwamini, akaingia ndani na kuufunga mlango kwa nguvu.

*

Kesho yake alikwenda Matuga.

Karakana ilikuwa haipo tena. Mahali pa meza ndefu ya kufanyia kazi palijaa mageti ya chuma, na Kavumbi alikuwa chini, miwani myeusi usoni, anachomelea. Mzee Ziro alikuwa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, mikono yake inatetemeka yenyewe kama ilivyokuwa tangu alipougua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo si siku yako ya kazi?"

"Wameipasua ile milango, baba. Ya hotelini. Wameifanya kuni za kuchomea piza."

Midomo ya mzee ilicheza. Sidi aliona kwamba jambo lile limemuuma, akataka kumkaribia.

"Milango yangu," mzee alisema.

"Yetu."

"Milango yangu," akarudia, na fimbo ikagonga sakafu.

Sidi alisimama pale pale alipokuwa. "Nimeacha kazi. Nimekuja kuchukua vyombo vya mbao."

"Umeacha kazi niliyokutafutia? Rudi ukaombe msamaha. Na vyombo ni vya Kavumbi, nilikwisha kumpa."

Sidi akageuka kumwangalia Kavumbi. Ndugu yake alikuwa amezima moto wa kuchomelea na sasa alikuwa akigongagonga magamba yaliyoganda kwenye kiungo cha geti. Alikuwa akiyagonga kwa patasi. Ilikuwa patasi nyembamba ya nakshi, ile ambayo Sidi alipewa alipokuwa na kimo cha meza, mpini wake umelainishwa na kiganja chake mwenyewe. Makali yalikuwa yamemegeka mwanzo mpaka mwisho.

Alivuka uwanja. Kavumbi alipoona uso wa dada yake alimpa ile patasi bila kuombwa.

"Nyingine ziko wapi?"

"Kwenye banda la kuku, dada. Ndani ya gunia. Mimi sina haja nazo, ila uniachie nyundo ndogo."

Aliingia bandani akiinama, kuku wakamrukia usoni. Aliburura gunia mpaka barabarani, kutu na mavi ya kuku yakimchafua gauni, na nyuma yake baba yake alikuwa amesimama, anapaza sauti ili majirani wasikie.

"Mwizi! Binti yangu mwenyewe ananiibia mchana kweupe!"

Majirani wakatoka. Sidi aliliweka gunia juu ya bodaboda, akamgeukia.

"Mwite chifu, baba. Akija tutaeleza wote wawili. Mimi nitasema nilichochukua leo, na wewe utasema ulichochukua wakati ule."

Bodaboda ikaondoka.

*

Mtu angedhani kwamba mwanamke mwenye hasira kiasi kile angekaa chini na kuchonga mlango wa ajabu. Haikuwa hivyo. Hasira ilimtoa hotelini, lakini kuchonga haikumfundisha.

Aliviosha vyombo, akavinoa mpaka mabega yakafa ganzi. Akanunua vipande vya mwembe kwenye kiwanda cha mbao, akaanza na ua jepesi ambalo zamani alilichonga huku akiimba. Patasi ikateleza. Akaanza jingine, ubao ukapasuka. Mikono ilikuwa imejifunza kukunja shuka na kusawazisha mito. Ilikuwa imesahau uzito wa nyundo na ukaidi wa mbao. Kichwa chake kiliona ua zima, kila mkunjo wa petali, na mikono ikatoa kitu kilichofanana na sikio la ng'ombe.

Alirusha nyundo. Ikapiga mabati ya uzio wa jirani kwa kishindo. Tobias akatoka ndani, akaiokota, akaiweka juu ya meza, akarudi ndani. Kesho yake ikarushwa tena.

Akagundua kwamba kila alipomfikiria baba yake wakati wa kupiga patasi, mbao ilipasuka. Akimfikiria Gillian, ilipasuka. Ikabidi atafute mahali pa kuitua hasira kabla hajashika chombo. Akawa anatwanga. Alichukua kinu cha mama yake, akatwanga mahindi ya nyumba yake, kisha ya majirani, akitoka jasho na kusema peke yake, mpaka pumzi ikatulia. Ndipo alipokwenda kwenye meza. Jioni hasira ilikuwa imerudi, nzima kabisa, lakini ubao ulikuwa umepona.

Twaiba ndiye aliyempa kazi ya kwanza. Alikuwa mfuaji wa nguo hotelini kabla ya kustaafu, mama wa Kidigo mwenye mdomo usiojua kunyamaza, na alikuwa amejenga nyumba kwao Munje.

"Nitengenezee mlango wa mbele, shoga yangu."

"Nitauharibu, Twaiba."

"Ukiharibika nitauweka banda la mbuzi. Lakini uanze. Mimi nimechoka kufunga nyumba kwa bati."

Sidi akahamishia meza yake Munje, chini ya paa la makuti nyuma ya nyumba ya Twaiba. Akachora maua ya baba yake, kisha akayafuta kwa msasa. Alikaa siku nzima akiutazama ubao mtupu. Uani kwa Twaiba kulikuwa na shamba la mihogo, na upepo ulipopita majani yalifunguka kama vidole. Akachukua kalamu ya risasi. Hakuwa ameona mlango wenye majani ya mhogo. Fundi gani angechonga mhogo, chakula cha kila siku, kwenye mlango wa heshima? Akayachora kuanzia chini mpaka juu, yakipanda miimo yote miwili na kukutana kwenye kizingiti cha juu, na alipoyachora hakusikia njaa wala kiu.

Ulipokwisha na kutiwa bawaba, Twaiba alitembea mbele yake kwenda na kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu Sidi amjue, hakuwa na la kusema. Mwishowe akasema, "Mbuzi wasahau."

*

Mlango ule ukaanza kutembelewa. Watu wa Munje walipita, wa Msambweni wakasikia. Mmoja wao alikuwa Abdulwahab, mfanyabiashara aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni karibu na Msambweni. Aliuona siku Twaiba hayupo. Akauliza barabarani ni kazi ya fundi gani, akaambiwa ni ya kwa Ziro, Matuga. Hakuuliza zaidi. Alijua jina, akaenda Matuga.

Habari hizo Sidi alizipata kwa Kavumbi, aliyekuja Munje akikwepa kumtazama usoni.

"Dada, mzee amepata kazi. Kubwa. Milango yote ya nyumba ya wageni, na ya majani hayo hayo. Amekubali."

"Amekubali kwa mikono ipi? Hata kikombe hakimkai mkononi."

"Ndiyo nimetumwa." Kavumbi alijikuna shingo. "Anasema wewe uchonge. Yeye atazungumza na mteja, jina libaki la kwake. Anasema iwe kama zamani."

Sidi aliiweka patasi chini taratibu sana, kwa sababu alijiogopa. Kama zamani! Mtu ameishi mpaka mvi, na bado anaona njia nzuri ya kumwita mtoto wake ni kumwambia arudi kufagia maranda huku mwenzake akiwekewa mkono begani.

"Umemkubalia, Kavumbi?"

"Mimi nimesema nitaleta maneno tu."

"Basi peleka na yangu. Aje mwenyewe. Na aje na huyo Abdulwahab, hapa, mbele ya mlango huu. Asipokuja, nitamfuata Abdulwahab kwake na nitazungumza mimi."

Walikuja siku ya Jumamosi. Abdulwahab alikuwa mtu mpole mwenye kofia safi, mwenye kuuliza hali mpaka ya mbuzi. Mzee Ziro alivaa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni. Sidi aliwaamkia, akawapa viti. Twaiba alijiweka karibu na dirisha, akijifanya anachambua mchele.

"Mashallah," Abdulwahab alisema, akiutazama mlango. "Mzee, mkono wako haujazeeka."

Mzee Ziro akainamisha kichwa. "Namshukuru Mungu."

"Baba," Sidi alisema. "Mwambie."

"Nimwambie nini? Kazi ya nyumba yangu ni kazi yangu."

Sidi alikuwa amejiandalia maneno wiki nzima. Yote yakampotea. Abdulwahab akatazama chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati mbaya.

Labda mzee aliona ameshinda. Alinyanyuka kwa fimbo, akausogelea mlango ili amwoneshe mteja ubora wa kazi. Akapitisha vidole juu ya majani, moja baada ya jingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha vidole vikasimama. Akavirudisha nyuma, akayasugua tena. Uso wake ukakunjamana.

"Hili hapa," alisema kwa ukali. "Umelivuta kinyume cha nyuzi za mbao."

"Nimelivuta hivyo makusudi. Linanyanyuka vizuri."

"Linanyanyuka, kisha litabanduka mvua ikilipata!"

"Halitabanduka."

"Litabanduka! Nilikuambia tangu ile milango ya hoteli! Ubao wa kulia wote uliuchonga hivi hivi, maua yote, kinyume kinyume, nikakupigia kelele mpaka sauti ikakauka, na hukusikia. Kichwa kigumu, tangu utoto!"

Mchele wa Twaiba uliacha kulia kwenye ungo.

Abdulwahab alikohoa kidogo. "Mzee, uniwie radhi. Ubao wa kulia wa ile milango ya hotelini ulichongwa na nani?"

Hapo ndipo Mzee Ziro aliposikia alichosema. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Alikuwa mtoto," alisema. "Nilimfundisha mimi."

Siku zote Sidi aliwaza kwamba likitamkwa neno lile, kitu kizito kitatoka kifuani, atalia, atamwangukia baba yake miguuni. Badala yake kifua kilizidi kuwaka. Neno alilolisubiri umri wake wote lilikuwa limemdondoka mzee kwa bahati mbaya, ndani ya kemeo.

"Ulinifundisha," alisema. "Shukrani hiyo sikunyimi. Lakini ulinitoa patasi mkononi ukanipa ufagio, ukanipeleka nikafute vumbi kwenye kazi yangu mwenyewe. Ukasema ni kazi ya Kavumbi, ambaye hawezi kuchonga hata mwiko."

"Ni kweli siwezi," Kavumbi, aliyekuwa amemleta mzee, alisema kutoka kwenye ngazi za baraza.

"Nyamaza wewe!" mzee alifoka. Kisha sauti ikashuka. "Ungeolewa na nani, Sidi? Watu walikuwa wameanza kusema. Na mbao ilikuwa inakufa, watu wanataka chuma. Nilikutafutia mshahara wa kila mwezi."

"Ungeniuliza."

"Mtoto haulizwi."

"Basi hapo ndipo ninapokasirika, baba. Hapo hapo. Si pengine."

Abdulwahab alisimama, akajinyoosha kanzu. Alisema, kwa adabu, kwamba yeye amekwisha kuwaahidi wenzake milango ya Ziro, kwamba jina hilo ndilo walilolitaka, na kwamba sasa hajui atawaambia nini.

"Waambie ukweli," Sidi alisema. "Mimi ni Sidi Ziro. Jina hilo nimezaliwa nalo, sikuliazima. Nitakuchongea mlango mmoja. Ukikupendeza, tutazungumza mingine. Usipokupendeza, mtafute fundi mwingine, nami nitausimamisha barabarani watu wauone."

Abdulwahab akacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyeitarajia kutoka kwake. "Mmoja," akasema. "Inshallah tutaanza na mmoja."

Alipoondoka, Sidi alimletea baba yake chai, kwa sababu mgeni mzee haondoki kwenye nyumba ya watu na kiu. Mikono ya mzee ilipotetemeka, Sidi alikishika kikombe kwa chini ili kisimwagike, na baba akanywa, macho yake yakiwa kwenye yale majani.

"Utanirudishia vyombo vyangu?"

"Hapana."

"Mimi ni baba yako."

"Najua. Kunywa chai, itapoa."

*

Mlango wa kwanza ulimpendeza Abdulwahab, mingine ikafuata, na kazi ile ilimfikisha Sidi mpaka baada ya mvua za masika. Matuga hakwenda. Kila mwisho wa mwezi alituma unga, sukari na dawa za mzee kwa mkono wa Kavumbi, na kila mara Kavumbi alileta salamu ambazo Sidi alizipokea bila kurudisha nyingine. Safari moja mzee alimwagiza kuuliza kama lile jani limebanduka. Sidi alijibu kwamba halijabanduka, na huo ndio ujumbe mrefu zaidi waliopelekeana mwaka ule.

Siku moja ya mapumziko Tobias alikwenda naye Munje. Alimkuta Twaiba anamgombeza mbuzi, akasalimu, akaenda kusimama pembeni ya meza akimwangalia mkewe anavyopiga randa. Sugu zilikuwa zimerudi kwenye viganja. Maranda yalimzunguka miguuni.

"Sasa Mama Atieno, umepoa?"

Sidi aliwaza kidogo, randa mkononi. "Bado."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nikimkumbuka baba tu inapanda."

Tobias alitikisa kichwa. Hakuonekana kuwa na wasiwasi. "Lakini siku hizi unalala mpaka unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Uliza majirani."

Sidi alimtupia konzi la maranda usoni, akamwambia kama amekuja kusimama tu, afadhali ashike upande wa pili wa ubao. Tobias akavua saa yake, akaitia mfukoni, akashika.